Kuanzishiwa Uchungu: Faida Ipo, Lakini Nani Atakesha na Mama?

Mjamzito akiambiwa kliniki kwamba tarehe imepita na itabidi alazwe aanzishiwe uchungu, mara nyingi hurudi nyumbani na hofu. Jirani keshamsimulia kwamba uchungu wa dripu ni mkali kuliko ule unaokuja wenyewe. Wifi ana habari ya mwenzake aliyeanzishiwa Jumatatu akazaa Jumatano, tena kwa kisu. Mama mkwe naye anasema mtoto akiiva atatoka, hajaonekana mtu aliyekaa na mimba mwaka mzima. Amsikilize nani?

Kila mmoja wao ana chembe ya ukweli. Hata hivyo, kwa jinsi ninavyoiona hali ya Afrika Mashariki, tunakosea pande zote mbili. Wapo wanawake wanaohitaji kuanzishiwa uchungu wasianzishiwe, au waanzishiwe wamechelewa. Wapo pia ambao uchungu wao, ulioanza wenyewe vizuri tu, unachochewa kwa dawa bila sababu ya maana, katika wodi isiyo na wakunga wa kutosha kuwaangalia. Dawa ni zilezile, na katika mikono tofauti zinaokoa au zinaua.

Faida kwanza. Kondo la nyuma lina kikomo chake. Mimba ikipita wiki 41, kwa baadhi ya wajawazito uwezo wa kondo kumpa mtoto hewa na chakula huanza kushuka, maji hupungua, na mtoto anaweza kujisaidia humohumo tumboni, ndipo tunaposikia kwamba amekunywa maji machafu. Mwaka 2020 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulikusanya majaribio 34 yenye wanawake zaidi ya 21,000, ukalinganisha walioanzishiwa uchungu na walioachwa wasubiri. Katika majaribio yaliyohesabu vifo vya watoto, upande wa walioanzishiwa walikufa 4, na upande wa waliosubiri 25. Operesheni hazikuongezeka kwa walioanzishiwa, zilipungua kidogo. Sweden nako, utafiti uliotangazwa mwaka 2019 ulikusudia kuandikisha wanawake 10,000. Ulisimamishwa ulipofika 2,760, kwa sababu watoto sita walikuwa wamekufa katika kundi lililosubiri hadi wiki 42, na hakuna hata mmoja katika kundi lililoanzishiwa wiki 41.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza mjamzito aanzishiwe akishatimiza wiki 41. Kabla ya hapo, kama mama na mtoto hawana tatizo, halipendekezi.

Lakini Cochrane hiyohiyo ina hesabu nyingine ambayo ni muhimu zaidi kwetu. Ili kuokoa mtoto mmoja, inabidi wanawake wapatao 544 waanzishiwe uchungu. Mtoto huyo mmoja ni uhai kamili, na mimi sithubutu kumwita tarakimu. Lakini wale 543 wengine wangezaa salama hata wangesubiri, na sasa wamepitishwa katika dawa, dripu na saa nyingi za leba. Ikiwa katika kundi hilo tutampoteza mtoto mmoja kwa uchungu uliozidi nguvu, au mama mmoja kwa kizazi kilichopasuka, tumekwisha kula faida yote. Majaribio ya Ulaya yalifanyika mahali ambapo mapigo ya moyo wa mtoto yanafuatiliwa kwa karibu na chumba cha upasuaji kiko tayari muda wote. Matokeo yao hayatufuati nyumbani bila mazingira yao.

Kwenye shinikizo la damu sina shaka yoyote. Mjamzito ambaye mimba imekomaa, presha imepanda na protini imeonekana kwenye mkojo, hapaswi kuambiwa arudi wiki ijayo. Tiba ya kifafa cha mimba ni kuzaa; dawa nyingine zote ni za kununua muda. Uholanzi mwaka 2009 jaribio la wanawake 756 lilionyesha kwamba matatizo makubwa yaliwapata asilimia 31 ya walioanzishiwa, dhidi ya asilimia 44 ya waliosubiri. Na kwa wanaosema hayo ni ya Wazungu, utafiti wa Nagpur, India, uliochapishwa mwaka 2017, uliwahusu wanawake 602 wenye presha katika hospitali za umma zenye msongamano kama wetu. Waliopewa misoprostoli ya kumeza walizaa kwa njia ya kawaida ndani ya saa 24 kwa asilimia 57, na waliowekewa mpira wenye puto kwenye mlango wa kizazi kwa asilimia 47. Kwa hiyo kazi hii inawezekana bila utajiri wa Ulaya.

Sisi tulikuwa wapi? Uchunguzi wa WHO wa mwaka 2004 na 2005 katika nchi saba za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Kongo, uliona kwamba walioanzishiwa uchungu walikuwa asilimia 4.4 tu ya waliozaa, na wengi waliokuwa na sababu ya kitabibu ya kuanzishiwa hawakuanzishiwa. Leo Marekani na Uingereza ni takribani theluthi moja ya wanaozaa. Hakuna anayepaswa kulenga theluthi hiyo. Ila nje ya hiyo 4.4 walikuwapo wanawake wa kifafa cha mimba, walioachwa wasubiri.

Marekani imekwenda mbali zaidi tangu mwaka 2018, ulipochapishwa utafiti mkubwa uitwao ARRIVE. Wanawake 6,106 wa mimba ya kwanza, wasio na tatizo lolote, waligawanywa: nusu waanzishiwe wiki ya 39, nusu wasubiri. Operesheni zilikuwa asilimia 18.6 kwa walioanzishiwa na 22.2 kwa waliosubiri, na presha nayo ikapungua. Kwa watoto haikupatikana tofauti ya kutosha kuthibitisha kwamba wamefaidika. Tayari kuna hospitali binafsi katika miji yetu zinazompa mteja tarehe ya kuzaa kama miadi ya saluni, na wiki ya 39 hutajwa kama hoja. Mimi napinga. ARRIVE ilikuwa na wanawake ambao umri wa mimba zao ulijulikana kwa uhakika. Kwetu, hapo ndipo pa kujikwaa.

Tazama kadi ya kliniki. Mstari wa tarehe ya mwisho ya hedhi umejazwa, na chini yake tarehe ya matarajio, iliyohesabiwa kwa kuongeza siku 280. Muulize mama mwenyewe. Atakwambia alikuwa ananyonyesha, au alikuwa ametoka kwenye sindano ya uzazi wa mpango na damu haikuwa na mpangilio, nesi akamwambia akadirie. Akakadiria "mwanzoni mwa Machi," ikaandikwa tarehe 1. Tarehe hiyo ya kubuni ndiyo itakayokuja kusema kwamba mimba ina wiki 41 au 38. Ikikosea upande mmoja, mtoto ambaye hajakomaa anatolewa na kuanza maisha akihangaika kupumua. Upande wa pili, aliyekwisha kupitiliza anaambiwa bado. WHO ilipendekeza tangu mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apigwe ultrasaundi moja kabla ya wiki 24, na moja ya faida zake ni kurekebisha kosa hili. Ultrasaundi ya mwezi wa nane, ambayo ndiyo wengi wetu tunaipata, inaonyesha mtoto alivyolala na kondo lilipo, lakini kwa umri wa mimba inaweza kukosea kwa wiki mbili, hata tatu.

Tuingie leba. Kidonge cha kawaida cha misoprostoli ni cha mikrogramu 200. Kilitengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Kipimo cha kuanzisha uchungu ni mikrogramu 25, kinachomezwa kila baada ya saa mbili, yaani sehemu ya nane ya kidonge. Vidonge vya 25 vipo duniani na vimo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu, lakini visipofika wodini, mkunga anachukua wembe. Anakata kidonge kidogo cheupe nusu, nusu ya nusu, kisha nusu tena. Kipande kimoja kinatoka kinene, kingine kinabaki unga kwenye karatasi. Mama wa kitanda cha kwanza amepata 40, wa kitanda cha pili amepata 15, na faili zao zote mbili zimeandikwa 25. Njia salama zaidi, kama vile vidogo havipo, ni kuyeyusha kidonge kizima cha 200 katika mililita 200 za maji safi na kumpa mama mililita 25, huku maji yakikorogwa kila mara. Haihitaji bajeti ya wizara.

Dripu ya oksitosini ina matatizo yake. Dawa hii hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kabatini kwenye joto la Tanga au Mombasa nguvu zake zinapungua. Mkunga akiona uchungu haupandi anaongeza matone, kisha chupa inayofuata inatoka kwenye friji na nguvu zake kamili. Pasipo na pampu, matone yanahesabiwa kwa saa ya mkononi. Akiitwa kitanda kingine kwa mama anayetoka damu, kuna ndugu atakayekizungusha kile kigurudumu cha mpira ili dripu iishe haraka. Uchungu ukizidi mara tano ndani ya dakika kumi, kizazi hakipati nafasi ya kulegea, na mtoto hupata hewa yake katika nafasi hizo za kulegea. Hapo ndipo mtoto anapochoka. Ndiyo maana WHO inasema mama aliyepewa dawa hizi asiachwe peke yake.

Mnazi Mmoja, Unguja, walituonyesha jambo. Mradi wa PartoMa uliwakusanya madaktari na wakunga wa hospitali hiyo, wakatengeneza kijitabu cha mfukoni kinachoendana na hali yao halisi ya wagonjwa wengi na wahudumu wachache, na semina kila baada ya miezi michache. Matumizi ya oksitosini ya kuongeza uchungu yalishuka, na watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila uzazi 1,000. Dawa ilipunguzwa na watoto wengi zaidi wakaishi.

Mwenye mshono wa operesheni ana habari yake peke yake. Misoprostoli kwake ni marufuku, kwa kuwa kovu linaweza kuachia. Kama kuna sababu ya kumwanzishia, mpira wenye puto la maji unaweza kutumika, na iwe hospitali yenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku huo.

Siwezi kuwaacha wale wanaoanzishiwa nyumbani. Katika miaka ya 1960 daktari wa Norway, Lorents Gran, akiwa Kongo na Msalaba Mwekundu, aliona wanawake wakinywa chai ya mmea uitwao kalata-kalata ili wazae haraka, na uchunguzi wa maabara ukathibitisha kwamba kemikali yake kweli inakaza kizazi. Bibi zetu hawakuwa wajinga. Tatizo la mitishamba ni kwamba haina kipimo, na mama akiogopa kufokewa hatasema kwamba alikunywa kikombe alfajiri. Kisha juu yake anapewa kidonge. Mkunga aulize swali hilo kwa upole, kila mara, kabla ya dawa ya kwanza.

Na mama aelezwe. Anayo haki ya kujua kwa nini anaanzishiwa, kwa dawa gani, kwamba huenda ikachukua siku mbili hasa ikiwa mlango wa kizazi bado mgumu na umefunga, na kwamba ikishindikana operesheni inaweza kufuata. Sahihi kwenye fomu ambayo hakusomewa haimaanishi ameridhia.

Tanzania, kwa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, asilimia 81 ya wanawake wanazalia kwenye vituo vya afya. Wameitikia wito. Basi wizara za nchi zetu zinunue vidonge vya 25, zipeleke mashine za ultrasaundi kwenye vituo ambako mimba inaandikishwa mapema, na ziajiri wakunga kabla ya kuhimiza wengi zaidi waanzishiwe. Waganga wafawidhi nao waweke kanuni moja katika leba zao: ikiwa zamu ya usiku ina mkunga mmoja kwa wazazi sita, na mama hana presha wala dalili nyingine ya hatari, asianzishiwe usiku huo. Aanzishiwe asubuhi, watu wakiwa wametimia. Mwenye hatari asisubiri asubuhi hiyo. Apewe rufaa na gari mara moja.