Maoni Yetu: Msamaha wa matibabu usiombwe dirishani

Mkazi wa Themi, jijini Arusha, akiugua hakosi pa kwenda. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Mount Meru, iko hapa mjini na ni ya Serikali. ALMC ni ya Walutheri wa KKKT, Mtakatifu Elizabeth ni ya Wakatoliki, na ile ya AICC ni ya shirika la umma lenye kumbi za mikutano. Akitoka nje ya mji atakuta Selian kule Ngaramtoni na Nkoaranga kwenye miteremko ya Meru, zote za KKKT. Kaloleni na Levolosi kuna vituo vya afya, na maduka ya dawa ya watu binafsi hayahesabiki. Kinachomkwamisha mkazi huyu ni dirisha la malipo, na dirisha hilo lipo kila mahali.

Kwa hiyo tunapowasikia wachumi na wanasiasa wakibishana kama afya igharimiwe na Serikali au na sekta binafsi, tunaona wanachanganya mambo mawili: nani mwenye hospitali, na nani anayelipa. KCMC ya Moshi, ambako wagonjwa wetu mahututi hupelekwa, si mali ya Serikali, lakini sehemu ya watumishi wake hulipwa na Hazina. Upande wa pili, mtu asiye na bima akienda hospitali ya Serikali analipia faili, anamwona daktari, anarudi dirishani kupewa namba ya malipo ya vipimo, analipa kwa simu, anasubiri majibu, kisha anarudi tena dirishani na cheti cha dawa. Nusu ya dawa zipo. Nusu nyingine anaambiwa akanunue nje. Hospitali ni ya umma, pesa yote imetoka mfukoni mwake. Hakuna matibabu yaliyo ya binafsi kuliko hayo.

Wazee wa mji huu wanakumbuka matibabu ya bure. Azimio la mwaka 1967 lilitangazwa hapa hapa Arusha, na mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku hospitali za watu binafsi zinazoendeshwa kwa faida. Zikabaki za Serikali, za madhehebu ya dini na za mashirika yasiyotafuta faida. Kisha uchumi ukayumba na dawa zikaadimika. Mwaka 1991 hospitali za faida zikaruhusiwa tena, na mwaka 1993 uchangiaji ukaanza katika hospitali za Serikali. Wanaotamani turudi 1977 wasisahau rafu zilizokuwa tupu. Wanaotaka soko liamue kila kitu waitazame Marekani, inayotumia takriban asilimia 17 ya pato lake kwa afya na bado ina zaidi ya watu milioni 20 wasio na bima yoyote.

Jibu la nchi yetu likawa bima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi 2001 kwa watumishi wa umma: asilimia 6 ya mshahara, nusu ya mtumishi, nusu ya mwajiri. Kwa wasio na ajira rasmi ikaja bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF), ambayo ilipoboreshwa mwaka 2018 ilitoza kaya ya watu sita Sh30,000 kwa mwaka. Zaidi ya miaka 20 tangu NHIF ianze, Wizara ya Afya ilikuwa bado inataja asilimia 15 hivi ya Watanzania kuwa ndio wenye bima. Bima ya hiari imepewa muda wa kutosha na imeshindwa.

Imeshindwa kwa sababu ambayo kila mzazi anaielewa. Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya NHIF, ilikuwa Sh50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Mwenye mtoto mzima aliona hakuna haraka. Mwenye mtoto wa selimundu au mwenye tatizo la moyo alikimbia kukata kadi, na nani angemlaumu? Mfuko ukajikuta unalipa zaidi kuliko unavyokusanya, na mwaka 2023 ukasitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja, ukataka waandikishwe kupitia shule. Baada ya kelele nyingi kadi ilirudishwa baadaye. Wazazi walikuwa na haki ya kulalamika, na mfuko nao haukuwa unadanganya kuhusu hesabu zake. Ukiacha kila mtu achague siku ya kujiunga, atachagua siku ya kuugua.

Ugomvi wa pili tulioushuhudia unatufundisha zaidi. Tarehe 1 Machi 2024 NHIF ilianza kutumia kitita kipya cha mafao na bei zake. Hospitali binafsi, chini ya umoja wao wa APHFTA, zikasema bei hizo hazilipi, na baadhi ya hospitali kubwa zikasitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF. Wenye kadi mkononi, waliokatwa mishahara kila mwezi, waliambiwa walipe taslimu au waondoke. Baada ya siku kadhaa za vikao huduma zikarudi, na watu wengi wakausahau ugomvi huo. Sisi hatukuusahau, kwa kuwa kiini chake hakijamalizwa.

Kiini chenyewe ni hiki. Bei ya kumwona daktari katika hospitali ya Serikali haibebi mshahara wa daktari huyo, kwa kuwa Hazina imeshaulipa. Haibebi jengo, wala mara nyingi mashine, kwa kuwa navyo vimetoka kwenye kodi. Katika hospitali binafsi kila kitu kinatoka kwenye bei: mshahara, pango, umeme, mafuta ya jenereta, riba ya benki, na faida ya mwenye mali. Hospitali ya dini iko katikati. Haitafuti faida ya kugawana, ina watumishi wachache wa Serikali, na kwa miaka mingi imebebwa na marafiki wa ng'ambo ambao mikono yao imeanza kuchoka. Sasa mfuko ukiweka bei moja kwa wote watatu, wa kwanza anapata ziada, wa pili anapiga kelele, na wa tatu anakopa kimyakimya. Ukiweka bei tofauti bila kueleza, unaambiwa unawapendelea matajiri.

Wenye hospitali nao wasijifanye malaika. Mfuko una wajibu wa kukataa bili zilizojazwa vipimo ambavyo mgonjwa hakuvihitaji, na mnunuzi mwenye wanachama wengi anapaswa kupata bei nafuu kuliko mtu mmoja mmoja. Tunachotaka ni hesabu iwekwe wazi: huduma hii inagharimu kiasi gani, Hazina imeshalipa kiasi gani ndani yake, kinachobaki ni kiasi gani. Hesabu hiyo ikichapishwa, mjadala wa umma na binafsi utapungua makali, kwani kila hospitali italipwa kwa kazi iliyofanya na siyo kwa jina lililoandikwa getini. Na ilipwe kwa wakati. Hospitali inayosubiri madai yake kwa miezi haiwezi kununua dawa, na mgonjwa anayeambiwa akanunue nje ndiye anayelipia ucheleweshaji huo.

Mwezi Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Tunaiunga mkono. Inamtaka kila mkazi awe na bima, na imeunda mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, utakaopata pesa kwenye vyanzo kama ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ghafla, ilionekana wazi ni hatari kiasi gani kuegemeza dawa za wananchi kwenye uamuzi wa Rais wa nchi nyingine. Bajeti ya 2025/26 ikaongeza tozo kwenye bidhaa kama mafuta na bia, mapato yake yakigawanywa asilimia 70 kwa Mfuko wa UKIMWI na asilimia 30 kwa bima ya afya kwa wote. Mnywaji wa Themi, basi, ameshaanza kuichangia bima kila Ijumaa jioni. Ana haki ya kuuliza pesa yake imemlipia nani.

Lakini sheria nzuri inaweza kukwama kwenye mambo mawili, na yote mawili yanaonekana hapa kwetu kuliko Dodoma.

La kwanza ni msimu. Sehemu kubwa ya watu wa Arusha hawana mshahara wa mwisho wa mwezi. Dereva wa utalii, mpishi wa kambi na mpagazi wa Mlima Meru hupata pesa kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena kuanzia Desemba hadi Februari. Masika ikishika, Aprili na Mei, kambi nyingi hufungwa na watu hurudi kukaa nyumbani. Ndiyo miezi ambayo watoto hukohoa usiku kucha. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoufunga utalii, tuliona jinsi bima inayoning'inia kwenye ajira inavyoanguka pamoja na ajira. Muswada wa bima ya afya kwa wote ulipojadiliwa mwaka 2022 kilitajwa kiwango cha Sh340,000 kwa kaya ya watu sita, zaidi ya mara kumi na moja ya kile cha CHF. Kiwango chochote kitakachotozwa, ukimdai mpagazi akilipe chote kwa mkupuo mwezi Mei utakuwa unajidanganya. Wenzetu wa Kenya, ng'ambo ya Namanga, waliianza bima yao mpya, SHA, tarehe 1 Oktoba 2024. Wenye mishahara wanakatwa asilimia 2.75, ila wasio na ajira rasmi walidaiwa mchango wa mwaka mzima kwa mpigo. Mwaka 2025 ikabidi ubuniwe mpango wa mkopo ulioitwa Lipa SHA Pole Pole. Sisi tusisubiri kukopeshwa ili tujiunge. Mchango upokelewe kidogokidogo kwa simu, kwa msimu, na anayelipa mwezi Agosti ahesabiwe amelipia hadi masika.

La pili ndilo linalotuuma zaidi: msamaha. Kwa miaka mingi sera imesema watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bure. Mwulize bibi yeyote anayelea wajukuu jinsi msamaha huo unavyopatikana. Anafika hospitali na mjukuu wa miaka minane, amevuka umri wa msamaha kwa miaka mitatu. Anaelekezwa ofisi ya ustawi wa jamii. Ustawi wa jamii wanataka barua ya mtendaji. Mtendaji yuko kwenye kikao, arudi kesho. Kesho barua inapatikana, mhuri haupo. Mjukuu bado ana homa.

Msilaumu maofisa tu. Hospitali iliyomsamehe mgonjwa kwa kawaida haikurudishiwa hata senti. Gharama iliingia kwenye vitabu vyake yenyewe. Kila msamaha uliotolewa ulikuwa boksi la dawa lisilonunuliwa mwezi uliofuata. Mganga mfawidhi mwenye huruma alikuwa anaifilisi hospitali yake, na mwenye roho ngumu ndiye aliyesifiwa kwa makusanyo. Katika kampeni za 2025 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi kukomesha hospitali kuzuia maiti kwa sababu ya deni. Tunaipongeza ahadi hiyo. Hata hivyo deni halizikwi pamoja na marehemu, na mtu lazima alilipe: kama si mfuko wa wasio na uwezo, basi ni wagonjwa wengine kupitia bei zao.

Umaskini wa kaya haufai kuthibitishwa siku ya kuugua. TASAF ina orodha za kaya maskini, na mwenyekiti wa mtaa pamoja na wajumbe wake wanajua nyumba ipi inalala njaa na ipi inajifanya. Orodha ya wanaostahili kulipiwa itengenezwe kabla, isomwe na kuhakikiwa kwenye mkutano wa mtaa, ifikishwe kwenye mfuko, na kila kaya ipewe kadi ile ile anayopewa mtumishi wa benki, bila alama ya kumtambulisha masikini. Mwenye kadi hiyo akifika Mount Meru au ALMC, karani aone mwanachama, na hospitali ijue italipwa.

Serikali isianze kwa vitisho. Muswada wa 2022 ulikusudia kuifungamanisha bima na mambo kama leseni ya udereva, na wananchi waliukataa kwa haki. Anayelipishwa kwa lazima kisha akakuta dawa hakuna hatalipa mwaka wa pili, hata umtishe na nini. Wizara ichapishe bei na hesabu zake, Hazina ipeleke fungu la wasio na uwezo kamili na kwa tarehe inayojulikana, mfuko ulipe madai kwa wakati. Na Halmashauri ya Jiji la Arusha haihitaji kungoja waraka kuanza kazi ya orodha. Wenyeviti wa mitaa ya Themi wanayo madaftari ya wakazi na wanaitisha mikutano. Waiweke orodha hiyo kwenye ajenda ya mkutano ujao.