Kamera Ionayo Joto Ina Faida Gani Nyumbani?

Moto uletwao na hitilafu ya umeme aghalabu hauanzi kwa mwali. Huanza kwa joto lililojificha ndani ya plagi au nyuma ya soketi, mahali ambapo jicho halifiki. Ndiyo sababu juma hili tumekijaribu kifaa kidogo ambacho siku hizi huuzwa kwa watu wa kawaida: kamera ya joto ya kuchomekwa kwenye simu ya mkononi.

Asili ya elimu hii ni ya zamani. Mwaka 1800 mtaalamu wa nyota William Herschel, aliyekuwa akiishi Uingereza, aliupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, ukagawanyika rangi zake, naye akaweka vipimajoto. Kile kilichowekwa kando ya rangi nyekundu, pasipoonekana mwanga wowote, kilipanda kuliko vingine. Mionzi hiyo isiyoonekana hutoka katika kila kitu, iwe ukuta, jiko au mwili wa binadamu, na kadiri kitu kinavyozidi kuwa cha moto ndivyo inavyozidi. Kamera ya joto huipokea na kuigeuza picha. Za kuchomekwa kwenye simu zilianza kuenea mwaka 2014.

Tulichoazima sisi ni cha bei nafuu miongoni mwa jamaa zake. Picha yake ina nukta 256 kwa 192, yaani 49,152 kwa jumla. Huo ni uchache ukilinganisha na kamera ya kawaida, lakini kwa kazi za nyumbani unatosha.

Tulianza na friji. Pembeni mwa mlango, chini, ulionekana mstari wa baridi. Mpira wake umechoka, na baridi inayolipiwa umeme inatoka nje usiku na mchana. Kisha tukamulika ekstensheni iliyobeba pasi na friji kwa pamoja. Plagi ya friji ilikuwa na nyuzi 33. Ya pasi ilikuwa na nyuzi 64, ilhali waya mwingi wa majumbani umefunikwa kwa plastiki iliyokusudiwa kustahimili nyuzi 70 tu. Tukazima, tukamwita fundi umeme. Skurubu moja ndani ya plagi ilikuwa imelegea. Umeme upitapo penye kiungo kilicholegea hukutana na kizuizi, na kizuizi huzaa joto. Joto nalo huzidi kukilegeza kiungo, hata plastiki ikayeyuka. Chumba hicho hulala watoto.

Hata hivyo, msomaji, kifaa hiki chaweza kukupotosha usipokielewa. Tulichemsha maji katika sufuria mpya ya alumini. Kamera ikasema ubavu wa sufuria una nyuzi 40. Tulipobandika kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme ubavuni humo, pale penye utepe pakasoma zaidi ya 90. Chuma king'aacho hutoa mionzi kidogo, na badala yake huakisi ya vitu vilivyo mbele yake kama kioo cha kujitazamia. Mtu akiiamini picha akamwachia mtoto aishike sufuria hiyo, atamuunguza. Tena, kamera hii haioni ndani ya ukuta wala haipenyi kioo cha dirisha. Huona joto la juu ya kitu tu.

Jambo zito zaidi lilizuka mama jirani alipokuja na mjukuu wake. “Hebu mmulike huyu, mwanangu, nione kama homa imepungua.” Tulimwomba radhi, tukampa kipimajoto cha kwapani. Kamera za namna hii huweza kukosea nyuzi 2 juu au chini, nazo hupima ngozi, ambayo hupozwa na upepo na jasho. Mtoto mwenye nyuzi 38 na nusu anaweza kuonekana mzima kabisa. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati akapimwe malaria. Asihukumiwe kwa rangi za simu.

Je, familia ikinunue? Kwa maoni yetu, si lazima kila nyumba iwe nacho. Fundi mmoja wa mtaa akiwa nacho, na akajua kukisoma, atazifaa nyumba nyingi. Wewe usiye nacho, zingatia haya: plagi iliyobadilika rangi kuwa ya hudhurungi, harufu ya plastiki inayoungua, au soketi inayotoa sauti ya kuchacharika. Ukiona dalili mojawapo, zima umeme wa nyumba kwenye swichi kubwa, na usiuwashe mpaka fundi afike.