Kwa Nini Wapenzi Wetu Lazima Wafe?

Liko neno moja ambalo wahakiki wetu hulitumia kama fagio. Neno lenyewe ni "pendwa". Riwaya ikishaitwa pendwa imekwisha kufagiliwa nje pamoja na makapi: haifundishwi, haijadiliwi, na mwalimu anayeonekana nayo mkononi hutazamwa kana kwamba amefumaniwa kilabuni. Nimelitafakari neno hili sana. Maana yake si nyingine ila iliyopendwa na watu. Basi katika nchi hii, ambamo kila mwaka tunalalamika kwamba watu hawasomi, kitabu kupendwa na watu ndiko kumekuwa kosa lake.

Nasema hivi kwa kuwa nami nimo kizimbani. Nilipita chuo cha ualimu, nikafundisha, nikawa mwalimu mkuu hadi kustaafu, na sasa nina miaka sabini na ushei. Walimu wenzangu wastaafu tunaokunywa nao kahawa hapa Kariakoo hawafichi aibu wanayoniona nayo. "Mwalimu, na mvi zote hizo, bado hadithi za mapenzi na majini?" Ndiyo, bado. Miaka miwili hii nimesoma nyingi kuliko nilizosoma katika kazi yangu yote, maana nilipokuwa kazini nilisoma vitabu vya mtihani, na kitabu cha mtihani husomwi kwa hamu, husomwa kwa kalamu nyekundu.

Vitabu hivyo navinunua kwa wauza vitabu vilivyotumika wanaotandika kando ya Barabara ya Samora, na kwa wachache waliobaki huku kwetu, waliobanwa kati ya wauza soksi na wauza chaja za simu. Vingine nimevisoma katika simu ya mjukuu wangu. Huko hadithi huja vipande vipande. Kisu kikishainuliwa juu ya mtu, kipande kinakwisha, nawe ukitaka kujua kisu kiliangukia wapi unatuma pesa kwa simu. Wenzangu husema huo ni ujanja wa kizazi kisicho na adabu. La hasha. Dickens wa Uingereza aliuza hadithi zake kwa vipande vya kila mwezi tangu 1836, na hapa kwetu magazeti ya Eric Shigongo na kampuni yake ya Global Publishers yaliwafanya watu wengi wangoje toleo la wiki ijayo ili wajue nani kamwoa nani.

Tuseme kweli, nyingi ni mbovu. Sitaki mtu adhani nimepoteza macho. Kiko kijitabu nilichokinunua kwa shilingi elfu tatu ambamo binti anaitwa Zawadi hadi ukurasa wa sitini, halafu anakuwa Zuhura bila maelezo, na mwandishi wala hana habari. Hilo nalisamehe. Nisilolisamehe ni hili: tajiri mmoja mwenye gari jeusi anamfungia binti chumbani siku tatu, na siku ya nne binti anatambua kwamba anampenda. Hayo si mapenzi, ni kosa la jinai, na mwandishi anayemfundisha kijana wa kiume kwamba kitasa cha mlango ni njia ya kumposa mtu amefanya kazi mbaya kuliko aliyekosea jina. Hadithi za namna hiyo nimekutana nazo si moja wala mbili. Zingetazamwa na mhakiki mmoja tu mwenye ulimi mkali, waandishi wake wangeona haya. Lakini mhakiki wetu hazisomi. Amekwisha kuzifagia zote pamoja, nzuri na mbaya, na hivyo iliyo mbaya haijapata mtu wa kuikemea.

Sasa tuzigeukie zile zilizokaa kwenye viti vya mbele. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971. Namheshimu sana marehemu, aliyetutoka Januari 2020, na sisemi neno dhidi ya kalamu yake. Rosa analelewa Ukerewe na baba mkali na mlevi, Zakaria, anayempiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Akiisha kutoka mikononi mwa baba huyo hajui uhuru unashikwaje, na mwisho wake ni kujiua. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni. Baadaye kikaruhusiwa, nasi walimu tukakikaribisha kwa furaha. Lakini tulikifundishaje? Ukisoma kwa makini, Kezilahabi ananyoosha kidole kwa Zakaria, na kwa wanaume wote waliompokezana yule binti kama mpira. Katika vitabu vya mwongozo na katika madarasa mengi niliyoyakagua, kidole kiligeuzwa kikamwelekea Rosa. Maudhui: athari za tamaa. Ujumbe: wasichana wajihadhari. Zakaria akapewa mstari mmoja chini ya kichwa "wahusika wengine". Mwanzo kitabu kiliogopwa, kisha kikafugwa, na sijui lipi lilikuwa baya zaidi.

Nauliza: kuna jambo gani linalowafurahisha watu wazima katika kifo cha msichana aliyependa? Maana si hadithi tu. Kwa miongo mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, na mwaka 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba hatarudi. Ni Novemba 2021 ndipo serikali ilipotangaza kwamba anaweza kurejea darasani baada ya kujifungua. Katika miaka yote hiyo sheria ya shule na mwongozo wa fasihi vilisema kwa sauti moja. Msichana alitolewa nje ya lango asubuhi, na mchana wenzake waliobaki wakafundishwa kwamba Rosa alijitakia. Atakayeniambia kwamba fasihi haina nguvu yoyote duniani, na anieleze hilo kwanza.

Katika Mtaa wa Kongo kuna binti anayeuza mitandio. Wateja wakipungua huinama akasoma. Nilimkuta siku moja na kijitabu, amekifungua kurasa za mwisho kabisa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unaanzia mkiani?"

"Natazama kama anakufa. Akifa, namrudishia mwenyewe, nachukua kingine."

Nimekaa katika mikutano mingi ya walimu wa Kiswahili, nimesikiliza mada ndefu juu ya fani na maudhui, lakini uhakiki uliosimama wima kama ule sijausikia. Binti yule hakatai huzuni. Maisha yake kwenye ile meza ya mitandio, na mgambo wakipita, yanamtosha kwa huzuni. Anachokataa ni kununua kwa fedha yake mwenyewe kitabu kitakachomwambia kwamba mtu kama yeye, akipenda, lazima afe ili wengine wapate funzo.

Nilimpelekea *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Hiyo wahakiki wanaiheshimu, na mwaka 2021 Amil Shivji aliitoa kwa filamu. Wanaisifu kwa sababu ya siasa, kwa sababu ya Denge na harakati za kumwondoa mkoloni Unguja. Sawa. Lakini mimi nasema ni riwaya ya mapenzi tangu jalada hadi jalada, na kuiita jina jingine ni kuionea haya. Yasmin ni msichana wa Kihindi wa miaka kumi na mitano, anaozwa kwa Raza mwenye miaka hamsini na miwili. Anamkimbia, anapenda nje ya kabila lake na nje ya ruhusa ya wazee, anateseka, anakosa, anaanza upya. Wala mwandishi hamuui! Anamwachia aishi na aolewe na mtu mwingine kabisa, kama watu wanavyoishi na kuolewa. Binti wa mitandio alikaa nacho siku nne. Aliporudisha hakunieleza neno juu ya ukoloni. Aliniuliza kama Shafi ameandika vingine.

Ama kuhusu riwaya za majini na maajabu, hapo ndipo unafiki wetu unapovaa joho. Kijana wa Kariakoo akiandika juu ya binti aliyeolewa na jini wa baharini, tunasema ni ushirikina na anawapotosha watoto. Profesa akiandika juu ya mfu aliyefufuka, kama alivyofanya Said Ahmed Mohamed katika *Babu Alipofufuka* ya mwaka 2001, tunatafuta jina zito, tunaiita uhalisia-mazingaombwe, na wanafunzi wa chuo kikuu wanaandikia tasnifu. Sina ugomvi na Said Ahmed Mohamed. Babu yule ni mtu wa kukutana naye. Nina ugomvi na mizani yenye mawe mawili.

Na tumsahau Shaaban Robert? Katika *Adili na Nduguze* kuna manyani wanaopigwa mijeledi usiku ambao kumbe ni ndugu wa damu waliogeuzwa, kuna mji wa watu waliokuwa mawe, na kuna Huria, binti wa mfalme wa majini, anayelipa fadhila. *Kusadikika* ni nchi inayoelea hewani. Huyo ndiye mzee wetu wa lugha, wala hakuona haya. Alijua alichokirithi. Mwaka 1870 Askofu Steere alichapisha hadithi alizozikusanya Unguja, na mojawapo ni ya Sultani Majnuni, ambaye paka wake alikula ndama, akala mbuzi, akala ng'ombe, na kila mara watu walipolalamika sultani alijibu kwamba paka ni wake na mali ni yake. Paka akakua akawa nunda mla watu, akawala hata wana watatu wa sultani mwenyewe. Huo ni uchambuzi wa utawala ambao mwananchi yeyote wa Afrika ya leo anauelewa bila mwongozo. Ungeandikwa leo na kijana asiye na shahada tungeuita hadithi ya paka.

Kosa la waandishi wa majini wa siku hizi, kwa maoni yangu, si kwamba wanaandika mambo yasiyowezekana. Ni kwamba jini wao hana sheria. Leo anapita ukutani, kesho anagonga mlango. Leo anaogopa udi, kesho anajifukiza. Liyongo wa masimulizi ya pwani aliweza kuuawa kwa jambo moja tu, sindano ya shaba kitovuni, na kwa sababu hiyo msikilizaji hutetemeka mwanawe anapoikaribia siri ile. Asiyeweza kufa kwa lolote hamtishi mtu, na anayeweza kufa kwa chochote vilevile. Haya ndiyo ambayo mwalimu angepaswa kukaa na kijana mwandishi wakayazungumza, badala ya kumtishia na moto wa Jehanamu.

Kwa hiyo naomba jambo dogo kwa wanaopanga orodha za vitabu vya shule. Wekeni hata riwaya moja ambamo mwanamke anapenda na bado yu hai ukurasa wa mwisho, amekaa na mumewe wanagombana juu ya kodi ya nyumba. Na wekeni mtihani ambao hautamuuliza mwanafunzi amejifunza nini, bali ni wapi alishindwa kukifunga kitabu na kwa nini. Wenzangu wa kahawa wanasema swali kama hilo haliwezi kusahihishwa. Mimi nimesahihisha kwa miaka thelathini na zaidi, naamini ninaweza.

Nilichonacho sasa hivi nimefika ukurasa wa 112. Jini amekwisha kuposa, na baba wa binti, mtu wa Singida asiyebabaika, amedai mahari ya ng'ombe arobaini, wote walio hai na wenye kivuli. Nataka kuona huyo jini atawatoa wapi.