Dada wa Watu Anauza Maua, Hagawi

Wiki nzima komenti zimejaa jambo moja tu. Dada mmoja aliyewahi kutamba sana kwenye bongo muvi, ambaye siku hizi ana duka la maua maeneo ya Mikocheni, amemnyima maua staa mmoja wa bongo fleva. Staa anafanya bethidei, anataka ukuta mzima wa waridi nyekundu nyuma ya meza ya keki, na malipo yake ni posti mbili na stori tano. Dada akamjibu kwa adabu kabisa: "Mdogo wangu, hongera kwa siku yako, ila shambani hawapokei posti." Skrinishoti ikavuja, mji ukapata pa kuanzia asubuhi.

Yaliyosemwa huko chini ya posti kila mtu kayaona. Kajisahau huyu. Alipokuwa hana kitu mbona alikuwa anabembeleza mastaa? Duka lenyewe si kafunguliwa na danga? Halafu kuna mmoja akaandika, na akapata laiki za kutosha: "Maua yenyewe yatanyauka tu, si angempa?"

Sasa hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kwa sababu yananyauka, ndiyo maana hawezi kuyatoa bure. Mwenye duka la viatu akikopesha pea moja, zilizobaki zinamsubiri mpaka mwezi ujao. Mwenye maua hana mwezi ujao. Kwa joto la Dar ana siku chache tu, na kila asubuhi sehemu ya mtaji wake inainamisha kichwa mbele ya macho yake.

Waridi za maana hazioti Dar. Zinatoka nyanda za juu zenye baridi ya usiku, huko Arusha upande wa Usa River na miteremko ya Mlima Meru, na zile nzuri zaidi zimeshapangiwa ndege ya kwenda Ulaya kabla hazijakatwa. Zinazobaki ndizo zinazopanda basi la mikoani kwenye maboksi. Boksi likifika stendi ya Mbezi alfajiri, lazima mtu awe pale amesimama, maana boksi la maua likikaa juani saa mbili, kilichobaki ni cha kumpa mbuzi. Likifika dukani, wale mabinti wanafungua, wanapukutisha majani ya chini yasiguse maji yakaoza, wanakata ncha za mashina mshazari, wanayaweka kwenye ndoo safi, halafu yanaingia kwenye friji. Hilo friji linakula umeme usiku na mchana. Umeme ukikatika, inawashwa jenereta. Jenereta nayo haijawahi kukubali shautiauti.

Ukuta aliouomba staa unakula waridi kwa mamia, na ukitaka ujae usionekane una vipara, unafika elfu na kitu. Piga hesabu mwenyewe kwa bei yoyote ya shina moja unayoijua, weka nauli ya boksi, weka sponji za kuchomekea, weka fremu, weka posho ya mabinti wanne waliokesha. Halafu mtu anakwambia atakuposti. Wafuasi wake wengi wenyewe wanaomba bando kwenye komenti, nani kati yao atakuja kununua ukuta wa maua?

Tena hili la "nitakuposti" limeua biashara nyingi za mjini hapa, na wanaoliendeleza ni haohao wanaolalamika wakiitwa kwenye shoo bila kulipwa. Mapromota wakimwambia msanii aje kupiga shoo bure ili "apate jina", anatukana hadharani. Kesho yake anamfanyia fundi nguo, mpiga picha na mpambaji vilevile.

Ila wacha haki isemwe, dada naye si malaika. Mwanzoni kabisa alikuwa anachukua picha za maua ya wenzake wa nje, anaziposti kama kazi zake. Kuna bibi harusi aliagiza shada kwa kuonyesha moja ya picha hizo, lile lenye maua manene ya rangi ya krimu ambayo hapa hayapatikani hata uyatafute kwa tochi. Siku ya harusi akaletewa kitu kingine kabisa, na kelele zake zilikuwa za haki. Dada alirudisha sehemu ya hela, akafuta zile picha, na tangu hapo ukurasa wake una picha zilizopigwa dukani kwake, nyingine hata hazina mwanga mzuri. Kwa hiyo wanaosema hajawahi kukosea, waache ushabiki.

Kinachochekesha ni hili la danga. Mtu akiona mwanamke ana duka lenye vioo, swali la kwanza ni nani kamuwekea. Yupo mwingine mjini hapa, wote wanamkumbuka, alifunguliwa duka la maua kwa zulia jekundu, mastaa wakajaa, keki ikakatwa, picha zikatapakaa wiki mbili. Mwaka haukuisha, kufuli likaning'inia mlangoni. Alikuwa na mtaji mkubwa kuliko huyu wa Mikocheni, lakini alidhani biashara ya maua ni tarehe 14 Februari. Siku hiyo kila mtu mjini anauza waridi, hadi kijana wa foleni za Mwenge ana ndoo yake, na bei ya shamba imeshapanda kwa sababu Ulaya nzima inataka maua wiki hiyohiyo. Mashamba ya Arusha na Naivasha yanapogoa miti kwa mahesabu wiki nyingi kabla ili waridi zichanue kwa siku hiyo ya Wazungu. Wewe wa Dar unabaki kugombania masalia kwa bei ya juu, halafu tarehe 15 una ndoo sita za maua mekundu yasiyo na mwenyewe.

Huyu dada anaishi kwa kitu ambacho hakiposti. Misiba. Mashada ya mazishi ndiyo yanayolipa kodi ya fremu, na simu ya msiba haichagui Februari wala Jumamosi. Mteja wa msiba habishani bei sana, anachotaka ni shada lifike kanisani kabla ya ibada, jina la marehemu limeandikwa sawa, basi. Baada ya hapo kuna maofisi na mahoteli yanayobadilishiwa maua ya mapokezi kila Jumatatu, hela ndogo lakini ina ratiba. Harusi ndizo watu wanaziona kwenye ukurasa wake, na harusi ndizo zinazomtesa. Kamati inakuja na mwenyekiti, katibu na mhasibu, inabana bei kama inanunua nyanya sokoni, inalipa nusu, na nusu nyingine inasubiri michango ambayo waahidi wameshazima simu. Kuna kamati alizozidai mpaka wanandoa wakapata mtoto. Sasa hivi hapambi ukumbi kabla hela haijaingia yote, na kwa hilo pia wanasema ana roho mbaya.

Wengine wanasema maua fresh ni mambo ya Wazungu, Mswahili yanamtosha ya plastiki ya Kariakoo. Waende Unguja jioni wakaone akina mama wanavyofunga vikuba vya asmini na mrihani. Kule mwanamke kununua maua ya kujipamba ni mambo ya bibi zake na bibi, wala hakuna aliyeyasubiri yaletwe na meli. Na hakuna kikuba cha bure hata uwe nani.

Mwaka 2020 soko la maua la Ulaya lilipoporomoka kwa sababu ya korona, mashamba ya Naivasha yalitupa maua kwa malori na vibarua wakarudishwa nyumbani kwa maelfu. Hiyo ni mikubwa yenye mitaji na bima. Duka la mabinti wanne linabebwa na nini likitupa elfu moja kwa ajili ya bethidei ya mtu mmoja? Mmoja wa mabinti hao ana watoto wawili na mama mgonjwa, na mshahara wake unatoka mle mle kwenye ndoo.

Bethidei ilifanyika Jumamosi. Ukuta ulikuwepo, mwekundu, wa plastiki, na kwenye moja ya picha kuna kipande kimeachia kimening'inia karibu na sikio la staa. Komenti zikawa juu ya nguo. Dukani Mikocheni siku hiyo hakukuwa na posti yoyote. Kulikuwa na misiba miwili Kinondoni, na mabinti walikuwa na mashada saba ya kumaliza kabla ya saa nane mchana.