Kijiji hakikupotea, tumekifuta sisi

Wasomaji wangu, leo sitaandika kuhusu simu mpya wala toleo jipya la Linux. Leo nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kusafisha orodha ya watu wa visiwa vya Lamu. Mteja simtaji. Orodha ilikuwa na safu ya "kijiji cha asili", nami nilitakiwa kulinganisha kila jina na orodha rasmi ya vijiji. Jina lisilopatikana, programu yangu ililiita "batili" na kuacha nafasi tupu. Siku mbili tu kazi ikaisha. Nikalipwa, nikajisifu.

Baadaye nikamkuta bibi mmoja wa Kibajuni, nikamuuliza kwao wapi. Akasema, "Rubu, mjukuu wangu." Nikamwambia jina hilo halimo kwenye kompyuta. Akanitazama kidogo, akauliza, "Halimo? Basi mimi nilizaliwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Rubu ni mojawapo ya vijiji vya Wabajuni vya upande wa bara, kaskazini kuelekea Kiunga. Wakati wa vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, watu wa vijiji hivyo walikimbia, wengine visiwani, wengine Malindi na Mombasa. Mashamba yakageuka msitu. Leo mjukuu wa waliokimbia akidai shamba la babu, huulizwa kijiji. Akiomba karatasi, huulizwa asili. Fomu ikikataa jibu la kweli, imebaki aseme uongo au arudi nyumbani mikono mitupu. Na fomu hiyo ameiandika mtu kama mimi.

Msiniambie vijiji hivi vimesahaulika. Waulize watu wa Siyu, watakuonyesha ukoo wa Washanga, ambao asili yao ni Shanga, mji uliohamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Waulize watu wa Shela kuhusu Takwa kule Manda. Mji ulihamwa karne ya 17, lakini wao bado huenda kuzuru kaburi la mnara lenye mwaka 1094 Hijria, yaani kama 1683. Mji umekufa zaidi ya miaka 300 na watu wanaukumbuka. Sisi tuna diski za terabaiti, na tumeshindwa kukumbuka Rubu ya juzi!

Kosa la kwanza ni kudhani kijiji kina jina moja. Chukua Faza. Wenyeji huiita pia Rasini, na Wareno walioichoma mwaka 1587 waliiandika Ampaza. Chukua Lamu yenyewe, ambayo wenyewe huiita Amu.

Hapo mtu wa kompyuta atasema, "Tumia Soundex." Haya, tutumie. Soundex ilisajiliwa Marekani mwaka 1918 kwa ajili ya majina yanayotamkwa Kiingereza. Huacha herufi ya kwanza kama ilivyo, kisha hugeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu. Matokeo ni haya:

Lamu ni L500, Amu ni A500.
Faza ni F200, Ampaza ni A512, Rasini ni R250.
Tchundwa ni T253, Chundwa ni C530.

Hakuna jozi hata moja inayokutana! Tchundwa na Chundwa ni kijiji kimoja kilichoandikwa kwa tahajia mbili, lakini kwa kompyuta ni wageni wasiojuana. Ni kweli Pate na Patta ya ramani za zamani zote hutoa P300. Basi tumepata moja, tupige makofi.

Wenzetu wameshalitatua jambo hili. Mjukuu wa Mjerumani aliyeko Texas akitafuta kijiji cha babu yake, ana kamusi ya Meyers ya 1912 na 1913 yenye sehemu zaidi ya 200,000 za Dola ya Ujerumani, na sasa imo kwenye wavuti. Kijiji kikiwa leo Poland na jina jipya, au kimebaki mawe tu, hifadhidata iitwayo GOV hukipa namba moja na kuorodhesha majina yake yote kwa miaka. Wayahudi nao walipoona Soundex haiwafai, Daitch na Mokotoff walitengeneza yao mwaka 1985. Tangu 2023 imo ndani ya PostgreSQL 16. Hawakungoja serikali.

Kwa hiyo, ndugu mwandika programu, nakuomba haya. Kijiji kipe namba isiyobadilika. Majina yaweke kwenye jedwali lake, kila jina na miaka yake. Weka safu ya hali: kinakaliwa, kimehamwa, gofu. Ruhusu mahali pasipo na vipimo kamili, mtu akisema "baina ya Mkokoni na Kiunga" hilo ni jibu. Jina usilolijua liache kama lilivyoandikwa, kisha nenda kaulize. OpenStreetMap tayari ina lebo za jina la zamani na za mahali palipohamwa. Kinachokosekana ni sisi kuzijaza.

Kuna atakayesema wazee hukosea, na wajanja watabuni vijiji ili wapate ardhi. Hoja hii naiheshimu. Ndiyo maana kila jina liandikwe pamoja na nani alisema na lini. Kuandika neno la mzee si kumkabidhi hati ya shamba. Hakimu atapima ushahidi, lakini hawezi kupima ushahidi uliokwisha kufutwa na kijana mwenye kompyuta ya mkononi, tena anayelipwa kwa siku.

Mimi nimeanza kwa kutafuta nakala ya ile orodha ya awali, kabla sijaisafisha. Nimeipata kwenye sidii ya zamani na inasomeka. Kila neno niliyoliita batili nalipeleka kwa wazee, moja moja. La kwanza ni Rubu.

Na wewe je, kwenu ni wapi? Uliza nyumbani leo, wenye kujua wangali hai.