Rufaa za Jinai: Kwa Nini Aliyetiwa Hatiani Huachiwa Huru

Mkazi wa Gairo aliyevamiwa usiku, akatoa ushahidi mbele ya Mahakama ya Wilaya na kushuhudia mshtakiwa akihukumiwa kifungo cha miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, hushtuka anaposikia kuwa mtu yule yule ameachiwa huru kwa rufaa. Wazo la kwanza huwa ni rushwa. Mara nyingi jibu limo ndani ya jalada.

Shauri la aina hiyo hupanda kwenda Mahakama Kuu, Morogoro. Aliyehukumiwa hutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 na kuwasilisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala za mwenendo na hukumu. Katika rufaa hiyo ya kwanza, Jaji ana wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake mwenyewe. Hata hivyo, hawaoni mashahidi wala hawasikii; mbele yake kuna maandishi tu. Jambo lisiloandikwa ni kana kwamba halikusemwa.

Utambuzi wa usiku ndio huanguka zaidi. Katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilieleza kuwa ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na kwamba mahakama isiutegemee mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Shahidi alimtazama mtuhumiwa kwa muda gani? Kwa umbali upi? Alimfahamu kabla? Kusema "taa ilikuwa inawaka" hakutoshi: ni taa gani, ilikuwa wapi, na mwanga wake ulikuwa mkali kiasi gani? Maswali haya yanaweza kumuudhi aliyeumizwa, lakini mwenye hofu hukosea hata sura ya jirani.

Mahakama hiyo imesisitiza pia kuwa shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema, kwa majirani au polisi, huaminika zaidi. Jina linalojitokeza kwa mara ya kwanza kizimbani huzua shaka, na shaka humnufaisha mshtakiwa.

Wengi huuliza kwa nini shauri lisisikilizwe upya. Msimamo uliowekwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1966 ni kwamba amri hiyo haitolewi ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake.

Mkurugenzi wa Mashtaka asiporidhika anaweza kwenda Mahakama ya Rufani, akitoa taarifa ndani ya siku 30. Huko rufaa ya pili huhusu hoja za kisheria. Majaji huingilia ushahidi pale tu mahakama za chini zilipouelewa visivyo. Kwa hiyo maelezo yanayoandikwa kituo cha polisi Gairo, saa chache baada ya tukio, huwa na uzito hadi ngazi hiyo.