TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI: UBAO WA MATANGAZO UPO, MAPATO NA MATUMIZI HAYAPO



Jumatatu viongozi wa tawi walikwenda ofisi ya kijiji na swali moja: michango ya zahanati, shilingi 10,000 kwa kila kaya, imefikia kiasi gani na imetumikaje? Jibu tulilopewa ni kwamba hizo ni nyaraka za serikali na chama cha siasa hakina mamlaka ya kukagua.

Nani kaenda kukagua? Tulikwenda kama watu waliotoa hela yao mfukoni. Risiti tunazo (wengine hawakupewa, na hilo nalo litaulizwa).

*Sheria inasemaje?* Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari, na ya kupewa taarifa wakati wote juu ya mambo muhimu kwa maisha yake na jamii. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Haisemi raia asiye na kadi ya chama. Mkutano mkuu wa kijiji nao unatakiwa kila miezi mitatu. Wa kwetu wa mwisho ulikuwa miezi tisa iliyopita, na ajenda ya mapato na matumizi ikaahirishwa "kwa sababu ya mvua". Mvua yenyewe mnaikumbuka ilivyokuwa.

Sasa tuje kwetu wenyewe. Wiki iliyopita ulizunguka ujumbe kwamba zimeliwa milioni 8. Jumamosi zikawa 20. Jana mtu kaweka na jina la jirani yetu. *Tawi halijui kama hela imeliwa.* Hakuna anayejua, na kero yetu ni hiyo hiyo: watu wazima tumechangishwa halafu tumeachwa tubahatishe.

Wapo wanaosema acheni uvumi utembee, unawaumiza wao. Unawasaidia! Kama kuna aliyekula milioni 3, atasimama mkutanoni aape kwamba hajala 20, na atakuwa anasema kweli. Kama hakuna aliyekula, tumemchafua mtu bure mbele ya watoto wake. Na kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamsubiri anayesambaza habari za uongo: faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Aliyefunga kabati atakaa anatazama sisi tukipelekwa polisi.

Haya tumeshayaona makubwa zaidi. Korona ilipofika wagonjwa 509 na vifo 21, mwaka 2020, takwimu zikasimamishwa kwa zaidi ya mwaka, na kila kijiwe kikawa na hesabu yake. Oktoba 29, 2025 intaneti ikazimwa siku ya kupiga kura, na mpaka leo watu wanabishana nini kilitokea wapi. Ukimnyima mtu taarifa hataacha kuuliza. Atamuuliza asiyejua.

*Kwa hiyo:*

Alhamisi saa 3 asubuhi tunapeleka barua za maombi ya taarifa, kila mmoja kwa jina lake kama raia, bila sare za chama. Katibu wa tawi anazo nakala, na atawasaidia wasioweza kuandika. Beba nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Siku 30 tunazihesabu kuanzia hapo, zikipita kimya tunakwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri tukiwa na nakala zenye muhuri.

Mwenye risiti aipige picha na kumtumia katibu, siyo kuiweka kwenye kundi.

Ujumbe wenye jina la jirani yetu ufutwe leo. Aliyeuandika anajijua, na aje ofisi ya tawi kabla ya Alhamisi.

Imetolewa na:
Katibu Mwenezi wa Tawi